Mstari wa Kumi na Tisa

Laptopu hii ilikufa mara mbili kabla haijawa yangu.
Bugumba aliifufua kwa flashi, akaitia Linux
usiku mmoja kule Igogo, umeme ukikatika na kurudi,
akanikabidhi asubuhi kama anayerudisha kuku wa jirani:
"Haina madoido. Lakini haigandi."

Ndani yake kuna karakana.
Kushoto mafaili, katikati ukurasa wa kuandikia Python,
chini kidirisha cheusi kisemacho ukweli bila salamu.
Nikianza *be*, yenyewe hunong'ona: *beseni?*
Nikisahau kufunga mabano, chini ya neno
mstari mwekundu unajinyonganyonga kama funza.

Python hupima kwa nafasi.
Nafasi nne mbele, umeingia ndani.
Rudi nne, uko nje.
Sisi wa mlimani hatuhitaji kufafanuliwa:
Igogo nyumba hazina ua, jiwe ndilo linaloamua
kwako panaishia wapi.

Nikaandika programu ya mwalo wa Kirumba,
ninapopima dagaa tangu saa kumi na mbili:
pokea jina, pima kila beseni, zidisha kwa bei,
toa mia tano ya usafi, mara moja kwa siku.
Mistari ishirini na miwili.
Ilikubali mara ya kwanza. Nilijinunulia soda.

Mama Nyanzobe hakusoma.
Ana kipande cha uzi wa nyavu kiunoni, hicho ndicho daftari.
"Fedha hii imekonda, mwanangu."
Nikamgeuzia skrini.
Nikasema, foleni nzima ikisikia:
"Kompyuta haidanganyi, mama."
Akafunga fundo moja, akaenda zake.

Wiki tisa.

Jana mvua ilitufukuza mchangani mapema.
Sijui nini kilinituma. Nikafungua karakana,
nikabofya pembeni ya mstari wa kumi na tisa,
ikakaa nukta nyekundu, ndogo kama mbegu ya pilipili.
Hapo programu husimama, mguu mmoja juu,
nawe unaruhusiwa kuipekua mifuko.

Nikamwingiza Nyanzobe, mabeseni saba.
La kwanza: imetoka mia tano. Sawa.
La pili: mia tano.
La tatu.
Chai ikapoa.
Hatua kwa hatua, beseni kwa beseni,
usafi uleule, siku ileile, mia tano.

Mstari ulikuwa umeingia ndani ya mzunguko.
Nafasi nne, nyeupe,
hata ukizikodolea macho unaona ukuta tu.
Na karakana haikuninong'oneza kitu,
haikupiga wekundu wowote,
kwa kuwa lugha sikuikosea.
Niliwakosea watu.

Kuurudisha nyuma ni kubonyeza mara moja.
Nilibonyeza, nikakaa, mkono ukinitetemeka
kwa wepesi wa jambo lenyewe.
Kisha nikaandika nyingine, fupi, mbaya mbaya,
isome rekodi zote, iseme nani anadai nini.
Majina thelathini na moja yakateremka gizani.
Nyanzobe Lugiko, siku hamsini na nne:
laki moja na elfu sitini na mbili.
Tajiri Mhoja bado amelala, hajui anadaiwa.

Leo nimeshuka na laptopu kifuani, nje ya begi.
"Mwangaluka, mama."
Nikamweleza. Nafasi, mzunguko, mstari.
Hakuuliza hata kimoja.
Alifungua uzi kiunoni, akaupitisha vidoleni,
fundo, fundo, fundo,
midomo ikicheza, na wanawake wakanyamaza
hata kunguru wakasikika mabatini.

"Hamsini na tano," akasema.
"Mama, hapa zipo hamsini na—"
"Kuna Jumapili moja ya giza, dagaa walijaa, tukapima.
Ulikuwa na haraka ya kanisani."

Nikaiweka laptopu juu ya mzani,
nikaiwasha.
Namba za mzani zikaruka, zikatulia.
"Toa beseni," akasema Nyanzobe,
na foleni nzima ikacheka, mimi nikitafuta
ile Jumapili.